Mcheza Kwao Hutunzwa

Maneno haya yalisemwa kwa niaba ya bendi katika sherehe ya Uhuru, Reading, Uingereza. Msemaji ni muuguzi wa hospitali na mmoja wa waimbaji wa bendi.

Ndugu Mwenyekiti, wageni waalikwa, wazee wetu, kina mama na kina baba, vijana, na ninyi watoto mliojipanga karibu na meza ya sambusa mkidhani hatuwaoni: Heri ya sikukuu ya Uhuru.

Kamati ilipotuomba tuzungumze kabla ya kupiga muziki, tulishtuka kidogo. Kuimba tumezoea, kuhutubia bado. Lakini tuliambiwa hivi: "Watu wanawaona jukwaani Jumamosi. Waelezeni Jumatatu mko wapi." Basi tuanzie hapo.

Jumatatu, ndugu zetu, tuko kazini. Mpiga solo wetu anaendesha basi. Mpiga besi yuko ghalani anapakia mizigo. Mpiga kinanda anafundisha hesabu. Mpiga tumba ni fundi umeme, na ndiyo maana hatujawahi kuunguza spika. Waimbaji wawili ni wauguzi. Shahada zetu za uuguzi tulizipatia hapa hapa Uingereza, mchana tukiwa darasani na wodini, usiku tukiwahudumia wazee kwenye nyumba zao za kulelewa ili kodi ilipwe. Kwa hiyo mkisikia sauti inakwaruza kwenye ubeti wa tatu, si mafua. Ni zamu ya usiku.

Sisi ni bendi huru. Leo ndiyo siku ya neno hilo, kwa hiyo tulieleze vizuri, hasa kwa watoto. Bendi huru haina kampuni ya kurekodi nyuma yake, haina meneja wala mfadhili. Inabeba spika zake yenyewe, inatafuta ukumbi, inachora bango, inasimama mlangoni kukata tiketi, na mwisho wa usiku inashika ufagio.

Wazee waliokulia kwenye muziki wa dansi wanajua kwamba bendi nyingi walizozipenda hazikuwa hivyo. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na chama kilipobadilika jina, bendi nayo ikabadilika: JUWATA, baadaye OTTU, hadi Msondo Ngoma tunayoijua. Mlimani Park ilianza mwaka 1978, ikaja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo ile DDC iliyokaa mbele ya jina lake. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Alikuwa na mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Pengine vyombo vilikuwa vya mfanyabiashara: Super Matimila ya marehemu Remmy Ongala ilibeba jina la mwenye vyombo.

Mfumo ule ulitupa muziki mtamu kuliko wote tunaoujua, hatuudharau. Ila ulikuwa na mlango mmoja mbaya. Mpiga solo wetu alipiga gitaa miaka kumi na moja kwenye bendi ya namna hiyo kule nyumbani. Siku bendi ilipovunjika, vyombo vilifungiwa stoo, naye akatoka getini na kitambaa alichokuwa akifutia gitaa. Gitaa lenyewe lilibaki ndani. Kwa hiyo tulipokutana jikoni kwake miaka sita iliyopita, tukinywa chai na kusema "tuanzishe bendi", alitoa sharti moja tu: safari hii vyombo viwe vyetu.

Tukaanza mchezo, ule upatu mnaoujua. Watu sita, pauni 30 kila mwezi, lakini badala ya kumpa mtu, tuliipa bendi. Mwezi wa kwanza ulizaa maiki mbili na nyaya zake. Miezi mitatu iliyofuata, amplifaya ya besi iliyotumika. Dramu tuliipata kwa mzee mmoja Mwingereza aliyekuwa anahama nyumba; alipunguza bei alipoona tumekuja wanne kwenye gari la watu wanne na kuuliza dramu ikae wapi. Ilipofika mwaka na nusu, tulikuwa na kila kitu, na kila kitu kimeandikwa kwenye daftari.

Hilo daftari ni la wauguzi. Wodini tunafundishwa kwamba kazi isiyoandikwa ni sawa na kazi isiyofanyika. Ukimpa mgonjwa dawa usiandike, wa zamu inayofuata atampa tena. Tukaleta tabia hiyo kwenye bendi: kila onyesho, tarehe, mahali, watu wangapi, pesa iliyoingia, pesa iliyotoka, nyimbo zilizopigwa, na nani alichelewa. Wenzetu walitucheka. Tutalirudia daftari hilo baadaye, kwa sababu ndilo lililotuokoa, na ndilo lililotuaibisha.

Sasa kuhusu kujitangaza. Hapa tulikosea kwa muda mrefu, na kosa letu lilitoka kwenye methali. Tumelelewa kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtu anayejisifu tunamwona hana adabu. Kwa hiyo mwaka wa kwanza tulifanya mazoezi kila Alhamisi usiku hadi nyimbo zikaiva, kisha tukakaa kusubiri watu wasikie. Onyesho letu la kwanza kwenye baa moja ya mji wa jirani lilikuwa na watu 11. Daftari linasema hivyo. Kati ya hao, wanne walikuwa waume na wake zetu, na mmoja alikuwa anamsubiri mpishi afungue jiko.

Methali ile si ya uongo, ila ilizaliwa mtaani, ambako kila mtu anapita mbele ya mlango wa mwenzake. Kule bendi ikifanya mazoezi, mtaa mzima unasikia bure, na watoto wanachungulia dirishani. Hapa madirisha yana vioo viwili na jirani akisikia tumba anapiga simu halmashauri. Hakuna anayepita. Hapa hata kizuri lazima kitembezwe.

Basi tukaanza kukitembeza. Tulibandika vipeperushi kwenye maduka ya vyakula vya Kiafrika, katikati ya unga wa dona na mihogo ya barafu. Tuliingia kwenye makundi ya WhatsApp ya harusi, ya misiba, ya shule, hadi tukatolewa kwenye mawili. Tulijifunza kupiga video ya sekunde 30, maana video ya dakika saba haitazamwi na mtu hata kama ni mama yako. Tulijifunza kwamba tangazo likitumwa wiki tatu kabla, watu husema "Inshallah", likitumwa siku tatu kabla husema "tumeshapanga", na kwamba dawa ni kutuma yote mawili, kisha kumpigia mtu simu kwa jina lake. Simu moja inashinda vipeperushi hamsini.

Tukaandika barua kwa matamasha. Mji huu wa Reading una historia yake: kuanzia mwaka 1990 hadi 2006 tamasha la WOMAD lilikuwa linafanyika hapa hapa. Na mwaka 1989 Remmy Ongala alirekodi na bendi yake kwenye studio za Real World, kijiji cha Box, huko Wiltshire, upande wa magharibi wa barabara hii hii ya M4 tunayopigana nayo foleni kila Ijumaa. Tukajiambia wakubwa wametutangulia, njia iko wazi. Tulisahau jambo moja: Remmy alialikwa akitoka Dar es Salaam, na sisi tunabisha hodi tukitokea nyuma ya kituo cha mabasi.

Fomu za matamasha zina kisanduku kinachouliza mnapiga muziki wa aina gani. Tulijaza kila kitu walichokuwa wanataka kusikia: Afrobeat, muziki wa dunia, hata jazi. Hatukuitwa. Mwaka uliofuata tukaandika ukweli: tunapiga muziki wa dansi wa Tanzania, magitaa matatu yanayozungumza kwa zamu, Kiswahili, nyimbo ndefu, watu wanacheza. Tuliandika barua 30. Tulijibiwa mbili. Moja ilisema hapana kwa upole. Ya pili ilitupa dakika 25, saa saba na nusu mchana, kwenye hema, mvua inanyesha. Watu waliingia kwa sababu ya mvua, wakabaki kwa sababu ya sebene. Usiku ule hakuna aliyelala ndani ya gari kurudi nyumbani.

Msidhani yote yalikuwa hivyo. Promota mmoja alitupa tiketi 40 za kuuza wenyewe, na masharti kwamba tusipofikisha idadi, tunamlipa pengo. Tuliuza 13. Tulipiga muziki usiku ule, na tukamlipa yeye. Vijana mnaotaka kuimba, shikeni hilo: anayekutaka ulipe ili upige, anakuuzia jukwaa, na wewe ndiye mteja.

Kumbi nyingi za hapa zina kidude ukutani chenye taa za kijani, njano na nyekundu. Sauti ikizidi, taa inakuwa nyekundu, na nyekundu ikikaa sekunde chache, umeme wa jukwaani unakatika wenyewe. Hatukujua. Kwenye arusi moja, bwana na bibi harusi wakiwa katikati, shangazi wakitunza, noti zinabandikwa kwenye paji la uso la mpiga solo, ghafla kimya. Kilichobaki hewani ni tumba na vigelegele. Basi tumba haikuacha, na watu wakashika wimbo kwa makofi na midomo hadi mpiga kinanda alipopata mtu wa kuwasha tena. Tangu siku ile tunakuja na zulia zito la kuweka chini ya dramu, na mmoja wetu hucheza huku jicho liko kwenye taa.

Na sheria nazo. Mpiga dramu wetu wa kwanza alikuwa kijana mwanafunzi wa chuo. Siku moja mpiga kinanda alikaa akasoma masharti ya visa ya mwanafunzi, na yako wazi: mwenye visa hiyo haruhusiwi kujiajiri wala kufanya kazi ya utumbuizaji. Hakuna mtu aliyetukamata. Lakini ndoto ya kijana ilikuwa shahada yake, na hatukutaka tumharibie maisha kwa ajili ya sebene. Tukamwambia, mdogo wetu, shuka. Alilia, na sisi tulilia. Leo ni mhandisi, na anakuja kama mtazamaji, miguu ikipiga chini ya meza.

Nafasi yake aliichukua binti wa mpiga besi, ana miaka 17. Amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, akijibu anajibu kwa Kiingereza. Alikuwa amekaa pembeni ya mazoezi tangu ana miaka 11, tukidhani anachezea simu, kumbe anahesabu mapigo. Siku ya kwanza aliketi kwenye dramu akapiga wimbo wote hadi mwisho, hadi kile kituo ambacho mtangulizi wake alikuwa anakikosea. Kisha akauliza swali lililotukera wiki nzima: "Kwa nini nyimbo zenu zote zinalilia nyumbani? Mimi niko nyumbani."

Tulikuwa tunapiga za zamani tu, zilipendwa. Swali lile ndilo lililotufanya tutunge. Wimbo wetu wa kwanza wenyewe unahusu basi la saa kumi alfajiri, lile linalobeba wafagiaji, wauguzi na wapishi, nusu wanakwenda, nusu wanarudi, wote wamesinzia. Tulijiunga na PRS, chombo kinachokusanya mirabaha ya watunzi hapa Uingereza. Ukipiga wimbo wako kwenye ukumbi wenye leseni, unapeleka orodha ya nyimbo ulizopiga, na mtunzi analipwa sehemu yake. Malipo yetu ya kwanza yalikuwa pauni 11 na senti 40. Tuliyaandika kwenye daftari kwa wino mwekundu. Ni kidogo, lakini ni mara ya kwanza nchi hii kutulipa kwa jambo tulilolitoa vichwani mwetu.

Sasa tufike penye uchungu. Tunaomba mtuvumilie, maana hapa ni nyumbani.

Methali inasema mcheza kwao hutunzwa. Kwetu imegeuzwa: mcheza kwao hucheza bure. "Ninyi si wa kwetu?" Tunaitwa kwenye kipaimara, kwenye maulidi ya mtaa, kwenye sendoff, kwenye siku ya kuzaliwa ya mtoto wa mwaka mmoja anayeogopa besi. Tunakuja, kwa sababu ni kweli sisi ni wa kwenu. Tuwasomee hesabu ya onyesho moja. Kukodi gari, pauni 85. Mafuta, 40. Mazoezi mawili kwenye chumba cha kukodi, 90. Nyuzi na betri, 15. Jumla pauni 230, kabla hatujanunua maji ya kunywa, na kabla ya zamu ambazo tumeziacha. Kwa miaka sita daftari lina maonyesho 74. Tuliyolipwa ni 33, na kati ya hayo 27 waliotulipa ni wageni ambao hawajui hata neno moja la nyimbo zetu. Ya bure ni 41. Bure hizo, karibu zote, ni za nyumbani.

Mwezi Machi mwaka huu tulirudi kutoka kwenye sherehe moja ya mbali saa kumi alfajiri. Tuliahidiwa malipo baada ya bahasha kufunguliwa. Bahasha bado zinafunguliwa. Tulipewa pilau kwenye sahani za foili, na ilikuwa pilau nzuri, tusikufuru. Wiki iliyofuata tuliitana sebuleni kwa mpiga besi, na ajenda ilikuwa moja: tuuze vyombo.

Tulizungumza saa mbili. Wanne walitaka kuuza. Ndipo mpiga solo, ambaye hakuwa amesema neno, akaweka mkono wake wa kushoto mezani, akasema, "Mimi sibishani. Vidole vimekufa ganzi tangu mwaka jana."

Ndugu zetu, sisi wauguzi tulikuwa tumeona. Hili tunalisema mbele yenu kwa aibu. Tulimwona katikati ya nyimbo akikung'uta mkono, kama tulivyokuwa tukikung'uta vile vipimajoto vya zamani vya zebaki. Tulimwona akishika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Angekuwa mgonjwa wetu wodini, tungemuuliza siku ya kwanza. Kwa kuwa ni mzee wetu, tulisema ni umri, tukamwachia heshima yake. Mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono ulikuwa umebanwa. Dalili zake zinajulikana: ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, inayozidi usiku. Wapo humu ndani wengi wanaoendesha, wanaoinua wagonjwa, wanaofanya usafi, wanaopakia mizigo. Ukiamshwa usiku na mkono uliokufa ganzi, mara kwa mara, usinyamaze kama alivyonyamaza yeye na kama tulivyonyamaza sisi. Nenda kwa daktari. Ukiwahi, mara nyingine hata kifaa cha kuvaa mkononi wakati wa kulala kinatosha.

Pale sebuleni kukawa kimya. Halafu yule binti wa dramu, ambaye hana kura, akauliza: "Zile solo zake zimeandikwa wapi?"

Hazikuandikwa popote. Sisi tuliojisifu kwa daftari, tulioandika kila lita ya mafuta, hatukuandika muziki. Kila solo aliyoipiga, alizojifunza kwa kaka zake na alizozitunga mwenyewe, ilikuwa ndani ya vidole vitatu vilivyokuwa vinakufa ganzi. Tulidai vyombo viwe vyetu, tukavipata, tukavikatia bima. Chombo kikubwa kuliko vyote kilikuwa hakina hata nakala.

Hatukuuza. Jumapili nne mfululizo, kabla hajafanyiwa upasuaji, tulifunga simu kwenye kigingi mbele ya gitaa. Mkono tu, uso hauonekani. Kila solo mara mbili, kwanza polepole, kisha kwa mwendo wake. Nyimbo 23. Mkono ukichoka, tunasimamisha, anakung'uta, tunaendelea. Kuna mahali anasikika akijilaumu, kuna mahali mkewe anaita chakula tayari. Tumeyaacha yote.

Mwezi Mei alifanyiwa upasuaji, Julai akashika gitaa tena. Anapiga, mtamsikia sasa hivi. Ila zile kasi za zamani hazijarudi zote, na mkono wa kulia nao unasubiri zamu yake hospitali. Ana miaka 63. Hatuwezi kujidanganya.

Kwa hiyo tumekuja na mambo mawili, tumalize.

La kwanza ni pesa, na tunalisema bila kuona haya. Tangu Machi tumeweka utaratibu. Msibani tutakuja bure, siku zote, hata usiku wa manane. Shughuli za watoto tutakuja bure. Kwingine kote kuna bei, imeandikwa, na nusu inalipwa kabla. Tumepoteza shughuli kadhaa kwa sababu hiyo, na lawama tumezipata. Lakini leo tumesimama hapa tukiwa tumelipwa na Chama hiki, kwa mara ya kwanza tangu tuanze. Mwenyekiti, mweka hazina, asanteni. Tulipoiona ile pesa tulishukuru kuliko ya tamasha lolote, kwa sababu ilitoka kwenu. Neno letu la kutunza lina maana mbili. Sisi wauguzi tunatunza wagonjwa, na ninyi mnatunza wachezaji. Katika maana zote mbili, kisichotunzwa hufa.

La pili ni watoto. Vijana wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walihamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakaijenga Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao wakatoka, wakaanzisha Les Wanyika. Walikuwa wahamiaji kama sisi. Kama wangepigia watu wa Tanga waliopo Nairobi peke yao, leo tusingewajua. Waliupanda muziki wao walipofikia, na ukaota pale pale. Sisi tumefikia hapa. Haya makuzi lazima yawe ya hapa, kwa mikono ya watoto waliozaliwa hapa, hata kama Kiswahili chao kina kona.

Tumeanza Jumamosi mchana, saa nane hadi saa kumi, kwenye chumba chetu cha mazoezi. Nafasi ni nne kila awamu. Magitaa yapo, hamhitaji kununua. Video za mkono wa mzee zipo. Hatuwafundishi wakawe mastaa. Kuhusu kuwa mastaa, mmesikia hesabu zetu. Tunawafundisha wasije wakatoka getini na kitambaa tu mkononi.

Wazee wetu waliopata Uhuru waliuambatanisha na neno lingine: Uhuru na Kazi. Miaka sita ya kubeba spika imetufafanulia maneno hayo kuliko hotuba yoyote.

Kijana mmoja wa awamu ya kwanza yuko humu ndani. Hatumtaji jina, ana miaka 14, ataona haya. Usiku huu atapiga solo ya wimbo wa pili, na mzee atashika ridhimu nyuma yake. Mtakaosikiliza kwa makini mtasikia mahali anapoteleza, karibu na mwisho. Msimcheke. Mzee aliteleza pale pale siku tuliyorekodi, na mtoto ameishika solo yote kama alivyoikuta, pamoja na kosa lake. Tumemwambia anaweza kulirekebisha. Amekataa. Anasema ndivyo inavyopigwa.

Sogezeni viti pembeni. Watoto, acheni sambusa, njooni mbele. Na aliye karibu na ile taa ya ukutani, tafadhali atuangalizie.